Taa Niliyoiziba

Mimi ni fundi wa redio na televisheni, na fundi akishasema chombo ni kizima, nani abishe? Ndivyo nilivyomwambia mama yangu mzazi, tena kwa ukali: "Mama, mashine haina shida. Wewe ndiye unasahau kusevu."

Kompyuta yake ni ya zamani, ile ya kibodi nene inayochomekwa kwenye televisheni. Mama hufuma masweta kwa mashine ya kufumia, na maua na nembo za shule huvichora kwanza kwenye kompyuta hiyo, kijisanduku kwa kijisanduku, tangu sisi tukiwa wadogo. Kisoma disketi kilipokufa, nilimfungia adapta inayotumia kadi ya kumbukumbu, kama kadi za kamera. Nilijisifu mtaa mzima. Adapta ile ilikuwa na taa ndogo nyekundu, na siku nyingine mama akishasevu ilikuwa inapepesa bila kukoma, ikimkera macho. Mimi na ujuaji wangu, hata karatasi ya maelezo sikuisoma. Nikaibandika taa utepe mweusi wa umeme, yakaisha.

Kisha michoro ikaanza kupotea. Leo anachora, kesho haipo. Siku nyingine ipo, na hapo ndipo tulipopotea. Nilikuja na kadi yangu ya majaribio, nikachora, nikasevu, kila kitu kikakubali. Kadi yake sikuigusa. Nilipotoa hukumu yangu, dada yangu mkubwa alikuwepo, na mama alikunja mikono. Bibi yetu aliyemzaa mama alikufa akiwa hajui hata mmoja wetu ni nani. Hakuna aliyemtaja, ila wote tulikuwa tunamfikiria yeye.

Tangu siku hiyo mama akakataa kuachiwa mjukuu peke yake. Akaacha kupika, asije akasahau jiko linawaka. Dada akaamua kumhamishia kwake Jumamosi, na mashine ya kufumia akaitafutia mnunuzi. Mama akakubali bila neno, mama huyu ambaye hubishana hata na mtangazaji wa taarifa ya habari.

Ijumaa nikaenda kufungasha. Nikasema niwashe kompyuta mara ya mwisho, ninakili michoro iliyobaki. Kwa kujaribu tu, nikachora mstari, nikasevu kwenye kadi yake. Skrini ikasema iko tayari, kama kawaida yake. Lakini utepe ulikuwa umelegea kwa joto, na pembeni pake nikaona wekundu unapepesa. Nikaubandua. Nikafungua orodha ya michoro, mstari wangu haumo.

Nikachomoa kadi. Ubavuni ilikuwa na kijiswichi cha plastiki cha kuifunga isiandikwe. Kilikuwa kimelegea, na kadi ikisukumwa ndani, kuna wakati kilijisogeza chenyewe kikafunga. Skrini haikuwa na habari. Taa ndiyo ilikuwa inasema kwamba hakuna kilichoandikwa, na mimi nikaiziba mdomo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mama, huko nguoni nilikuwa mimi. Na bado, Mungu anisamehe, nilifikiria kubadilisha kadi kimyakimya na kusingizia waya. Mama akaingia amebeba nguo zake alizokwisha kuzikunja, nikashindwa.

"Mama, hukusahau. Ulikuwa unasevu kweli. Kosa ni langu."

Nikamwonyesha kijiswichi, kisha taa. Akaitazama ikipepesa muda mrefu.

"Hata lile ua la sweta la mjukuu?"

"Hata lile."

"Nililirudia na kulirudia, mwanangu. Nikajua basi, ni yale ya mama yangu." Akaketi kitandani na nguo zake mapajani. "Mpigie dada yako. Mwambie wewe. Mimi nikimwambia, atasema nimechanganyikiwa."

Nikapiga. Nikamweleza dada yote. Akasonya. "Wewe na utepe wako," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia. Kuhama kukafutwa. Mnunuzi akaambiwa atafute kwingine.

Sasa kadi ni mpya na taa iko wazi. Mama anapika, anafuma, na juzi alibishana tena na mtangazaji. Lakini kila akimaliza mchoro ananipigia simu kibandani kwangu, kazi za watu zimejaa mezani: "Njoo nisevu ukiwepo." Naweka bisibisi chini, naenda. Nasimama nyuma ya kiti chake, anabonyeza, taa inatulia.

"Umeona nimesevu?"

"Nimeona, mama."

Anageuka kunitazama usoni, kisha ananiuliza tena.