Todi ya Avice

Funza walianguka kwanza, kisha sufu yenyewe ikatua mezani mbele ya Avice, imelowa, inanuka mzoga.

"Hii ya kondoo aliyekufa," alisema bila kuigusa. "Mahali pake ni kule nje."

"Mahali pake ni ndani ya hizo nzuri," alijibu Hamond, mwenye kondoo. "Na haya pia." Akamwaga miguuni pake kikapu cha madonge ya mavi yaliyokatwa mikiani.

"Niliapa, bwana. Mlangoni pa kanisa, watu wote wakisikia."

"Uliapa ukilala kwenye nyumba ya nani, mama?"

Sufu iliuzwa kwa todi, ratili ishirini na nane, na mwaka ule kondoo walikuwa wamekonda. Hakuna todi iliyotimia. Kazi ya Avice ilikuwa kutandaza manyoya ya kila kondoo, kuyachambua uchafu, kuyaviringa kuanzia mkiani, kisha kusokota ya shingoni yawe kamba ya kufungia robota. Robota likishafungwa, kilichomo anakijua aliyelifunga tu. Ndiyo maana wafungaji waliapishwa.

Akaviringa, uozo ukiwa ndani. Maji ya njano yalimchuruzika hadi viwikoni. Mavi hayakumsumbua, alikulia zizini. Alichoshindwa kuvumilia ni ule ulaini, vipande vya ngozi iliyooza vikimkwama chini ya kucha.

Adhuhuri wakata manyoya walikaa kula. Dickon, mmoja wao, alimnyooshea jibini. "Kula, shangazi."

"Mkono huu siutii mdomoni."

"Basi panua mdomo nikulishe, kama kifaranga!"

Wenzake wakacheka. Avice aligeuza uso; hata harufu ya jibini ilikuwa imegeuka ile ya mzoga.

Alasiri mnunuzi, Lambert, alifika na kisu chake cha kupasulia marobota. Upande mmoja wa mizani liliwekwa jiwe la todi. Upande wa pili wakapanga marobota mpaka mkono wa mizani ukalala sawa. Lambert akachomoa kisu.

"Nani kafunga?"

"Avice," alisema Hamond.

"Bi Avice! Aa, basi." Akakirudisha kisu alani. "Mwaka jana nilipasua moja lake, safi tupu, nikaona haya mwenyewe."

Hamond alitabasamu. Avice aliliona tabasamu lile. Akaiendea mizani, akaivuta kamba ya robota la juu. Likafumuka. Akazamisha mkono hadi kiwikoni, akatoa donge la uozo, akalitupa majanini. Akatoa jingine. Upande wa sufu ukaanza kuinuka.

"Avice," Hamond alisema, taratibu. "Fikiri utalala wapi leo."

Alikwisha kuishika kamba ya robota la pili. Lambert aliziba pua, lakini hakurudi nyuma. Sufu ilizidi kupanda, hata jiwe la todi likagusa ardhi. Na inzi wakahama mezani, kundi zima, wakaja kutua kwenye mikono yake.