Gitaa Lililobaki Shinyanga

Miaka ile nyuzi za gitaa zilikuwa hazipatikani hata kwa dawa, Marcel Nkwabi alifunga waya wa breki ya baiskeli mahali pa uzi mnene akaendelea kupiga. Shinyanga nzima hakukuwa na mpiga roki mwingine. Bendi yake, Radi ya Ziwa, ilikwisha kusambaratika: mpiga ngoma alihamia Mwanza, mwimbaji akaokoka, spika zikawa makazi ya panya. Marcel akabaki na gitaa, chumba kimoja nyuma ya duka la Mzee Abdu, na kazi ya kupima pamba.

Katika upweke huo aliandika riwaya, akaiita *Hakuna Anayeshuka*. Ilimhusu mchimbaji aliyefukiwa ndani ya duara, lile shimo la dhahabu, kule Nyarugusu. Anawasikia wenzake juu wakimwita, kisha wakimwita kwa uvivu, kisha wakizungumzia chakula, mwishowe kimya. Waliokiazima kitabu walikirudisha haraka, kama watu waliopewa mtoto mgonjwa wamshike.

Mtu pekee aliyekuja kubisha hodi kwa sababu ya kitabu hicho alikuwa Mwalimu Zipora, kiongozi wa kikundi cha maigizo cha mjini.

"Kaka Marcel, nataka kukiweka jukwaani."

"Utaweka nini, Mwalimu? Mle hamna cha kutazama. Ni giza tu."

"Shimo nitalijenga kwa magunia ya pamba. Wewe utapiga gitaa nyuma ya pazia. Gitaa ndilo giza lenyewe."

Basi kwa wiki kadhaa Marcel akawa na mahali pa kwenda akitoka kazini. Walifanya mazoezi ukumbini, wakanywa chai ya tangawizi, wakataniana. Sabiti, fundi cherehani mwenye sauti nzito, ndiye aliyekuwa mchimbaji. Waigizaji walimwita Marcel "Baba Shimo", naye akajikuta anapiga pasi shati kabla ya kutoka, jambo aliloliacha tangu bendi ife.

Onyesho lilifanyika Jumamosi alasiri, madirisha yakazibwa kwa mablanketi. Watu waliotoka gulioni wakajaa hadi mlangoni. Gitaa lilipoanza kunguruma, watoto wakawakumbatia mama zao. Sauti za juu ya shimo zikapungua, zikaisha. Hapo ndipo gitaa lilipotakiwa kulia peke yake, kwa kirefu. Marcel alipiga mara moja tu, waya wa breki ukakatika.

Kimya kikatanda. Sabiti alingoja gitaa, hakulisikia, akaona aseme maneno yake hivyo hivyo.

"Kuna mtu?"

Kitabuni hajibiwi. Lakini kwenye mabenchi ya nyuma bibi mmoja, Mbuke, aliyekuja mjini kuuza viazi, akajibu taratibu, "Tupo, ng'wanone, mwanangu."

Mwingine akasema, "Tupo. Usilale." Mzee mmoja akauliza kama ana maji. Sabiti, jasho likimtiririka, akajibu kwamba hana. Walizungumza naye hivyo mpaka mchimbaji akafa, kama ilivyoandikwa. Hakuna aliyepiga makofi. Walitoka polepole, kama watu wanaotoka msibani.

Marcel alisimama nyuma ya pazia amelipakata gitaa. Aliandika kitabu kizima kusema kwamba mtu akiita haitikiwi, na leo wauza viazi wameitikia. Hakujua kama amefurahi au ameumia.

Kesho yake Zipora alimfuata chumbani. Hakuketi.

"Tunakwenda Kagongwa, halafu machimboni. Kaka, usinielewe vibaya. Ule ukimya ndio uliowafungua watu midomo. Gitaa likiwepo, wanasikiliza tu."

Hata Marcel mwenyewe alikuwa ameliona hilo.

"Naweza kubeba magunia," akasema.

"Lori limejaa," Zipora alijibu, akitazama pembeni.

Waliondoka, naye akarudi kwenye mizani yake. Jioni alikuwa akikaa kitandani bila kuwasha taa. Habari zilimfikia kupitia wateja wa Mzee Abdu: Kagongwa watu walimwimbia mchimbaji nyimbo za kanisani, kwingine walimwombea dua. Wote walikuwa wamekaa na mchimbaji wake, isipokuwa yeye.

Mwishowe aliomba ruhusa kazini, akapanda basi kwenda Nyarugusu, kikundi kilikokuwa kimefika. Aliingia kwenye banda la onyesho kama mtazamaji yeyote, akakaa katikati ya wachimbaji wenye udongo hadi kwenye nyusi. Sabiti alipouliza kama kuna mtu, hawa hawakujibu kitu. Waliinuka. Wa mbele wakashika magunia na kuanza kuyatoa, moja baada ya jingine, wakiyapitisha nyuma mkono kwa mkono. Gunia likamfikia Marcel, akalipokea, akampa wa nyuma yake. Likaja jingine. Walimtoa Sabiti wakamnywesha maji, naye akalia kweli. Mwisho wa kitabu haukuchezwa. Zipora alisimama pembeni, mikono kichwani, akawaacha.

Walipotulia, jirani yake, mchimbaji aitwaye Maduhu, akammiminia karanga kiganjani.

"Aliyeandika haya amewahi kufukiwa huyu," Maduhu alisema.

"Sidhani. Nasikia alikuwa akikaa Shinyanga, nyuma ya duka."

Maduhu akatafuna, akifikiri. "Basi huko hapakuwa na mtu wa kuongea naye."

"Labda," Marcel akasema. Alitaka kuongeza neno, lakini wenzake Maduhu walikuwa wakimwita mlangoni, naye akajipangusa mikono, akaaga, akaenda zake.

Jukwaani watu walimzunguka Zipora na Sabiti, wakicheka na kushikana mikono. Marcel alikaa kwenye benchi akila karanga zake, mpaka mama aliyekuwa akifagia alipomwomba ainue miguu.