Hakuna Ng'ombe Nyuma

Ndege ya Noor ilianguka tena ikiwaka moto kwenye mchezo wa kompyuta. Akaegemea kiti, akashika mgongo. Mgongo huo ndio uliomtoa kwenye usukani wa lori la mifugo, baada ya miaka ishirini na minane ya barabara ya Sericho.

"Mzee amekuwa wa kwanza kuanguka tena," sauti ya Velma, kiongozi wa timu, ilitoka kwenye spika. "Siyad, raundi hii ya mwisho ikiwa hivyo, tutatafuta mtu mwingine. Pole, lakini mashindano ni wiki ijayo."

"Sawa," Siyad alijibu kutoka Nairobi. Kisha kwa upole akamwambia baba yake, "Aabo, adui akiwa nyuma usizunguke naye. Panda, geukia huko juu, halafu umshukie."

Noor alikuwa ameambiwa hayo tangu Ramadhani. Vita vya ndege havikumvutia sana. Ila mwanawe hakuwa mtu wa simu. Bila saa hii ya Jumapili baada ya alasiri, wangerudi kwenye "salama, salama" na kukata.

Hamdia aliweka chai karibu na mkono wa mumewe, kama kila Jumapili. Leo hakuondoka. Alimtazama miguu.

"Noor, unakanyaga nini huko chini?"

"Sakafu."

"Unakanyaga breki! Na kila ukigeuka, unapunguza mwendo. Siyad, baba yako anakata kona polepole ng'ombe wasianguke!"

Velma mwenyewe alicheka.

"Hakuna ng'ombe nyuma, mzee," Hamdia alisema, akimshika bega.

Raundi ilipoanza, Noor alikunja miguu chini ya kiti. Adui alipomkaribia kwa nyuma, aliongeza kasi hadi mwisho, akapanda mpaka akaona anga tupu, akageuka. Adui alikuwa amepita, yuko chini yake. Akamshukia, akafyatua, akakosa. Adui wa pili akamjia ubavuni. Ndege ya Siyad ikapita katikati yao, ikapigwa yenyewe, ikapasuka.

Noor alidumu dakika moja zaidi, naye akaanguka.

"Wa pili kuanguka, si wa kwanza," Velma alisema, akishusha pumzi. "Haya, Jumapili ijayo, mzee. Usichelewe."

Noor alivua miwani, akafuta macho yaliyochoka.

"Siyad, wewe huanguki wa kwanza hata siku moja."

"Nimechoka tu, Aabo. Kunywa chai, itapoa."

Ilikuwa imeshapoa. Aliinywa yote.