Sauti ya Kiti cha Pili

Mashine iliteremshwa Jumanne asubuhi mbele ya ukumbi wa michezo ya video ulioko mtaa wa Anderlecht, huko ughaibuni, na wanaume wanne walitoka jasho kuiingiza ndani. Ilikuwa na umbo la gari lisilo na magurudumu: viti viwili, usukani, kioo kipana. Katika mchezo wake, mchezaji ndiye mtoro anayekimbizwa. Mwaka ni 2090, mji umejengwa juu ya mji mwingine, na magari ya polisi yanashuka toka mawinguni yakimulika taa za buluu kila pembe.

Aristote, fundi wa ukumbi huo, alikuwa amekwisha kufungua mashine za kila aina. Safari hii alitakiwa tu kucheza raundi chache, apime usukani na sauti.

Raundi ya kwanza ilikwenda vizuri. Katika ya pili, polisi saba wakiwa nyuma yake, spika ya kiti cha abiria ikazungumza kwa Kifaransa, sauti ya kijana, bila haraka: "Simama. Bado kuna muda."

Aristote akauachia usukani. Gari likajibamiza ukutani na kioo kikawa chekundu.

"Kuna nini?" aliuliza Fahad, msimamizi wake, kutoka kaunta.

"Spika. Inakwaruza."

Haikuwa inakwaruza. Alifungua kifuniko, akaukata waya wa spika, akaketi tena kuhakikisha. Polisi wakatokea nyuma yake kimyakimya. Na gari la mchezo lilipofika kwenye daraja la kioo, waya ukiwa umelala kwenye paja lake, akaisikia sauti ile ile kando ya sikio la kulia. Ila sasa ilikuwa ya mtu anayemjua, na haikusema Kifaransa bali Kiswahili cha kwao.

"Aristote, simamisha. Simamisha, ndugu."

Alitoka nje, waya ukiwa bado mkononi.

Miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita. Alasiri moja ya mvua, karibu na mfereji, polisi walilipungia gari lake mkono lisimame. Aristote hakuwa na leseni, akakanyaga mafuta. Kando yake alikaa Mathieu, rafiki yake tangu walipokuwa wanafunzi Lubumbashi. Gari lilipogonga ghala, wote wawili walirushwa nje. Mathieu alifia pale pale. Hospitalini, alipoulizwa nani alikuwa anaendesha, Aristote alijibu jina moja tu, la Mathieu, na jina hilo likaandikwa.

Tangu hapo kila Mwaka Mpya alikwenda mtaa wa Koekelberg kwa Maman Lucienne, mama yake Mathieu, akala bukari, ugali wa kwao, meza moja naye chini ya picha ya marehemu. Alikuwa amezoea kukaa akiipa picha mgongo.

Jioni hiyo hakwenda nyumbani. Alikwenda Koekelberg bila kupiga simu.

"Aristote! Na haiko fête ya Mwaka Mpya," alisema Maman Lucienne alipofungua mlango. "Ingia. Uko mugonjwa?"

Hakuketi. Alisimama katikati ya sebule, koti likiwa bado mwilini.

"Maman, ni miye njo nilikuwa naendesha. Haikukuwa Mathieu."

Mama alizima redio. Akaketi polepole, akanyoosha kitambaa cha meza ambacho tayari kilikuwa kimenyooka.

"Najua," alisema.

Aristote alishika mgongo wa kiti.

"Miye njo nilimuzaa," mama aliendelea. "Mathieu hakujuaka kuendesha. Hata vélo, baiskeli tu, alikuwa anaogopa. Alors, batu balikuya kuniambia mutoto wangu alikuwa kwa volant, anaendesha, miye nikanyamaza. Nikasema, Aristote atakuya mwenyewe. Mwaka ya kwanza, hapana. Ya pili, hapana. Ulikuwa unakula bukari yangu, unasema merci, unaenda."

"Sababu gani haukunifukuza?"

"Nikufukuze, nani angeniambia vile mutoto wangu alikufa?"

Mama hakulia. Alimwonyesha Aristote kiti kilichotazamana na picha, naye akaketi.

"Sasa niambie. Mathieu alisema nini?"

Aristote alimweleza: mvua, mkono wa polisi, Mathieu akishika dashibodi kwa mikono miwili na kumsihi asimame, mara tatu, bila kupiga kelele. Nafasi ya kusimama ilikuwapo. Masimulizi yalipofika kwenye ukuta wa ghala alikwama, mama akamngoja mpaka akamaliza.

"Hakukutukana?"

"Hapana, maman. Aliniita ndugu."

Hapo ndipo Maman Lucienne alipojifunika uso kwa kile kitambaa cha meza, glasi zikaanguka, na wala hakuna aliyeziokota.

Alipopata sauti tena, ilikuwa kavu. "Dimanche, siku ya kanisa, utarudi. Hadassa atakuwa hapa. Anafikiri kaka yake alijiua kwa bujinga yake. Jina yake hataki hata kulisikia. Utamuambia vile umeniambia."

"Na polisi?"

"Kule pia utaenda. Kwanza Hadassa."

"Ndiyo, maman."

"Na fête ya Mwaka Mpya, usikuye tena. Siwezi kukupikia."

Aliinamisha kichwa, akatoka, na mama akaufunga mlango kwa ndani. Alishuka ngazi ghorofa tatu, na nyuma yake akasikia hatua za mtu mwingine zikishuka sawasawa na zake, bila haraka. Hakugeuka kutazama. Alipofika chini aliushika mlango wa mbele, akauacha wazi kwa muda unaomtosha mtu wa pili kupita.