Nyumba ya Muuaji Mtaani Kwetu

Watu wa televisheni walipotoka London kuja kwetu Hartlepool, kaskazini mwa Uingereza, jirani yangu Doreen Maughan aliwaazima nyumba yake warekodie tamthilia. Wakaupaka ukuta masizi.

“Mbona mnaichafua? Mimi nadeki kila siku!”

“Watazamaji wanataka kuona maskini wa kaskazini, mama,” mwongozaji akamjibu.

Kwenye tamthilia nyumba ile ikawa ya muuaji wa watoto. Tuliicheka lafudhi yetu waliyoiigiza vibaya, hadi wageni walipoanza kuja kuitupia nyumba mayai. Baadaye hata majirani wakaacha kumwachia Doreen watoto wao.

Jumapili niliingia kwake kwa mlango wa nyuma, nikamkuta amefunga mapazia mchana kweupe. Wanaume walikuwa wakigonga mlango wa mbele.

“Toka, muuaji!”

“Usifungue, shoga,” nilimnong'oneza.

“Ule wa nyuma umeufunga?” akaniuliza.

Sikuwa nimeufunga.