Rafu ya Wazima

Mama mwenye mtoto na asome hii mpaka mwisho, hata kama jiko linamwita.

Mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa na watoto wawili: kijana, kifungua mimba wake, na binti, kitinda mimba. Yule kijana alikuwa na mazoea ya kuzungumza na bomba la uani. Maji yakichuruzika, yeye anajibu, anacheka, mara anayakatalia jambo. Majirani wakiuliza, mama anasema anakariri masomo. Hospitali hakumpeleka, aliogopa nyumba yake itaitwa ya wazimu, na binti akose mchumba. Mwishowe kijana akaifuata sauti aliyokuwa akiisikia mpaka barabarani, gari likamgonga, akafa.

Mtaalamu mmoja wa maabara, mwanamke mpole, akaja kuomba ubongo wa marehemu, wachunguze maradhi ya akili. Mama alikubali, maana moyoni alitaka kujua nini kilikuwa kikimsumbua mwanawe. Lakini alipoulizwa kama marehemu aliwahi kusikia sauti, ulimi ukaenda ulikozoea. Akasema alikuwa buheri wa afya.

Tangu hapo, kila akisinzia juu ya cherehani, anamwona. Chumba ni cheupe kama ndani ya yai, baridi tupu, na kijana amekaa sebuleni kwa watu kama mgeni aliyekosea nyumba, kofia mapajani. Akitaka kuondoka, wenyeji wanamwambia kaa tu, hapa ni kwenu.

Asubuhi moja akamkuta binti uani. Ndoo imejaa, inamwagika, na yeye kainamisha sikio kwenye bomba.

"Kaka hayupo," binti alikuwa akisema taratibu. "Niambie mimi."

Mama alifunga bomba, akaenda maabara na pini zingali kifuani. Mtaalamu alimpokea kama shangazi yake. Akamwonyesha friji zinazonguruma, na vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu vimelazwa juu ya vioo. Akaeleza kwamba ubongo wa mgonjwa huwekwa kando ya ubongo wa mzima, ndipo tofauti ionekane. Halafu akatabasamu.

"Mwanao katusaidia sana, mama. Yuko rafu ya wazima. Wagonjwa wote tunawalinganisha na yeye."

Kumbe ndiyo sebule ile. Friji zilinguruma kama maji yanayochuruzika mbali. Mama akisema, mtaa mzima utajua. Akinyamaza, dawa ya binti itatafutwa kwa kipimo cha uongo.

"Mtoe hapo," akasema. "Hapo si kwake. Alikuwa akizungumza na bomba. Na sasa dada yake naye kaanza."

Mtaalamu hakumfokea. Alivua glavu polepole, akauliza binti yuko wapi.

"Nyumbani. Peke yake."

"Basi twende kwanza kwa huyu aliye hai."

Njia nzima mama alisimulia, tangu sauti ya kwanza. Walipofika mtaani kwake, majirani walikuwa wamekaa vibarazani kama kawaida yao, masikio wazi. Hakushusha sauti.