Kadi ya Shimo la Saba

Ildefonsi Ndunguru alipanda basi Mbinga akiwa na debe dogo la maharage, fimbo moja ya gofu iliyoviringishwa kwenye gunia la kahawa, na neno moja lililokuwa limemkaa kooni tangu mwaka 1983.

Maharage hayakumpa taabu. Fimbo ilimpa taabu kidogo, maana kondakta aliipapasa kwenye gunia akauliza, "Mzee, hii si bunduki kweli?"

"Ni ya kupigia mpira."

"Mpira si unapigwa na mguu, mzee wangu!"

Basi zima likacheka, na Ildefonsi akacheka nao. Angewaambia nini? Kwamba yeye, mkulima wa Litembo mwenye magoti mabovu, aliwahi kucheza gofu kwenye viwanja ambavyo leo mlinzi asingemruhusu hata kuchungulia getini? Wangesema mzee ameanza kuchanganyikiwa. Akaketi dirishani, fimbo katikati ya magoti, na basi likaanza kuteremka kuelekea ziwani. Lile neno la kooni ndilo lililomnyima raha.

Siku iliyotangulia rafiki yake Nazari alikuwa amempigia simu. Nazari ni Mnyasa, mwenyeji wa kijiji kimoja ng'ambo ya Mbamba Bay, na kwa kawaida simu yake huanza na matusi ya utani. Safari hii hakutukana. Alisema, "Ilde, njoo. Njoo uwaambie watoto wangu kwamba mimi si mwongo."

Mjukuu wake, Praygod, kijana mkubwa anayetembeza watalii huko Kaskazini, alikuwa amekuja likizo. Kwa kumpenda babu yake, kabla ya safari alikwenda mpaka kwenye ule uwanja wa gofu ambao mzee amewasimulia maisha yao yote, akaingia ukumbini, akaupiga picha ubao wa majina ya waliowahi kutia mpira shimoni kwa pigo moja. Akaileta picha nyumbani. Akaikuza kwenye simu, akaishusha jina kwa jina mbele ya watu wote waliokuwa wanakula. Jina la Nazari halikuwepo.

"Wakacheka," Nazari alisema. "Hata Ida alicheka. Mke wangu, Ilde! Wewe njoo uwaambie tu kwamba tulipofika shimoni mpira ulikuwamo. Basi. Sikuombi zaidi ya hapo."

Angeomba zaidi ingekuwa nafuu. Ildefonsi alikata simu akakaa kwenye kigoda cha jikoni mpaka Vitalia, binti yake, akamuuliza kama ameumwa na kitu.

Ee bwana, miaka ile! Ildefonsi alikuwa amepelekwa Moshi na shirika la kahawa kujifunza kuionja, na Nazari alikuwa fundi wa mizani kwenye shirika hilohilo. Vijana wawili wa Ruvuma katikati ya Wachaga. Huko nyumbani mmoja angekuwa wa milimani na mwingine wa ziwani, kila mtu na kanisa lake, lakini kule wote waliitwa watu wa Kusini, wakawa ndugu kwa lazima. Pembeni ya shamba la kahawa palikuwa na uwanja wa gofu, mashimo tisa, na Mlima Kilimanjaro umesimama juu yake mzimamzima. Wazungu wengi walikuwa wameshaondoka. Waliobaki walikuwa wazee wachache waliokuwa wanaona nyasi zinawazidi nguvu. Wakatangaza kwamba mtu yeyote anayefanya kazi shirikani na yuko tayari kushika fyekeo Jumamosi asubuhi, mchana acheze bure.

Bure! Mwaka huu Praygod alikuwa amemwandikia babu yake bei za uwanja huohuo, maana alitaka kuwapeleka wazee wote wawili wakacheze tena. Kiingilio, kukodi fimbo, mbeba mfuko, na kigari cha kutembelea. Nazari alimsomea Ildefonsi ile orodha kwenye simu. Ildefonsi akaona kahawa yake ya nusu msimu ikiyeyuka kwa saa nne za kupiga mpira. Na kigari cha nini, jamani? Miguu imekwenda wapi?

Wao walifyeka, kisha wakacheza. Hakukuwa na sabuni madukani wala sukari, sembuse mpira wa gofu, basi mpira mmoja walikuwa wanapokezana, na ukipotea mchezo umekwisha mpaka upatikane. Ukiangukia bwawani, Nazari alivua shati akazama. Wazee wa kizungu walisimama ukingoni wamepigwa butwaa, wakimhesabia pumzi, naye akaibuka na mipira mitatu mkononi na mmoja mdomoni. Ildefonsi yeye hakujua kuogelea hata kwenye beseni, lakini alijua miteremko. Mtu aliyekua akilima ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia maji yasiukokote udongo mlimani, hahitaji kufundishwa mpira utaelekea wapi. Alichuchumaa, akafumba jicho moja, akasema, "Unakata kushoto," na kweli ukakata kushoto.

Shirika likiwatuma safari, fimbo zilikwenda nao ndani ya gunia. Walicheza Tanga wakilowa jasho mpaka soksi. Walicheza Morogoro na milima ya Uluguru ikiwatazama. Walicheza Mufindi kwenye baridi iliyomkumbusha Ildefonsi kwao, na mpira ukiingia kwenye mashamba ya chai unauaga kwa heri. Hakuna mahali walipotoa zaidi ya sahihi kwenye daftari na pole kwa mlinzi. Ildefonsi hajawahi tena kuwa na furaha ya namna ile, na hilo hakuona aibu kulisema hata mbele ya marehemu mkewe, Beata.

Basi likapita kona za mwisho na ziwa likaonekana lote kwa mara moja, la bluu mpaka Malawi. Abiria wengine walikuwa wamelala. Ildefonsi akashika fimbo yake kwa mikono miwili.

Shimo la saba lilikuwa hatua mia na hamsini, kutoka kwenye kilima mpaka bondeni. Ilikuwa Jumamosi jioni, wao wawili tu. Miezi sita kabla ya hapo Ildefonsi ndiye aliyekuwa amemfundisha Nazari jinsi ya kushika fimbo, na yeye mwenyewe alikuwa na miaka miwili akiutamani ule ubao wa ukumbini. Majina kumi na moja, yote ya kizungu. La kumi na mbili liwe Ndunguru: aliliwaza hata akiwa kanisani, Mungu amsamehe.

Nazari akapiga. Wingu lilikuwa ndiyo kwanza limefunguka na theluji ya Mlima ikatokea, lakini Ildefonsi hakuutazama Mlima. Aliutazama mpira. Uliruka, ukatua, ukadunda mara moja, ukatambaa taratibu kuufuata mteremko ambao yeye mwenyewe alikuwa ameusoma na kumwelekeza, ukaingia shimoni.

"Ilde! Umeona? Umeona?"

Na Ildefonsi akasema, "Sikuona. Nilikuwa naangalia Mlima."

Kwenye gofu mtu hajiandikii mwenyewe. Kadi yako anaishika mwenzako, na asipotia sahihi, hata ungetia mpira shimoni mara kumi ni kama ulikuwa umelala nyumbani. Walipofika wakaukuta mpira shimoni. Ukumbini wazee wakauliza nani ameona. Ildefonsi akarudia kwamba hakuona, na mmoja wao akasema labda watoto wa shambani wameutia wao kwa mchezo. Nazari akaikunja kadi isiyo na sahihi akaitia mfukoni. Hakununa. Usiku huo alimpikia Ildefonsi ugali kama kawaida.

Kituoni Mbamba Bay Praygod alikuwa anamngoja na pikipiki.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Babu yako hajambo?"

"Hajambo, ila amenuna. Hataki kuongea na mimi." Praygod akafunga gunia nyuma ya pikipiki. "Mimi nilitaka kumfurahisha tu, babu. Sikujua."

Nyumba ya Nazari iko mita chache kutoka majini. Mbele yake usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, walikuwa wameanikwa kwenye vichanja, na kupita vichanja, kwenye mchanga uliopigwapigwa ukawa mgumu, palikuwa na kijiti chenye kipande cha kitenge. Chini ya kijiti limefukiwa kopo la maziwa. Ndiyo gofu yao hiyo, shimo moja, hatua arobaini. Kila mwaka baada ya mavuno Ildefonsi huteremka, wakacheza shimo hilohilo kutwa nzima, wakiliita leo Tanga, kesho Mufindi. Lakini la saba hawakuliita kamwe.

Chakula kilikuwa tayari: samaki mbasa wa mchuzi na ugali wa muhogo. Walikuwapo Nazari, mkewe Ida, binti yao Eliza ambaye ndiye mama yake Praygod, Praygod mwenyewe, na watoto wadogo mlangoni. Nazari alikuwa amevaa shati la kwendea kanisani. Kando ya sahani yake kulikuwa na Kitabu cha Sala, na kutoka ndani yake akachomoa kadi ya njano iliyochakaa kwenye mikunjo.

"Haya," alisema. "Baba Vitalia amekuja. Si mlitaka shahidi? Ilde, waambie tulipofika tulikuta nini."

Ida akachekea kwenye upande wa khanga. "Baba Vitalia, kula kwanza. Huyu mzee tumeshamzoea na shimo lake."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuumiza Ildefonsi. Alimwona Nazari akiinamisha kichwa nyumbani kwake mwenyewe. Mtu aliyezama kwenye matope ya bwawa kumtafutia yeye mpira! Mtu aliyekuja Litembo kwa miguu kutoka Mbinga, matope mpaka magotini, siku ya kumzika Beata!

"Niliona," akasema Ildefonsi.

"Uliona mpira shimoni, ndiyo. Waambie."

"Sikiliza, Nazari. Nilikuona ukipiga. Niliuona mpira ukidunda mara moja, ukaja kulia, ukaingia. Sikuutazama Mlima hata kidogo. Nilisema uongo."

Hakuna aliyetia mkono kwenye sahani. Praygod aliiweka simu chini.

"Kwa nini?" Nazari aliuliza.

"Wivu. Nilikufundisha mimi. Nililitaka jina langu."

"Miaka arobaini na moja, Ildefonsi."

"Najua."

"Nilifika mahali nikadhani kweli labda watoto waliutia. Nikawa sijiamini mimi mwenyewe, kitu nilichokiona kwa macho yangu haya! Na wewe kila mwaka unakuja hapa, unakula samaki wangu, unalala kitandani kwangu."

"Najua, ndugu yangu. Nilikuwa naogopa."

Nazari akainuka. Akatoka nje bila kuvaa viatu, akavipita vichanja vya usipa, akaenda kusimama ukingoni mwa maji akiwa amewapa mgongo.

Ida alikuwa analia kimyakimya. "Na mimi nimemwambia mara ngapi aache uongo," alisema. "Mbele ya wakwe zake, hata mbele ya mchungaji."

Ildefonsi akamwomba Praygod kalamu. Akaifungua ile kadi polepole isichanike. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, wa ujana, wima na wa madaha. Shimo la kwanza, tano. La pili, sita. La saba hakuwa ameliandikia kitu. Akaandika moja. Chini, penye mstari wa shahidi, akatia sahihi, ikatoka mbaya, ikapanda juu mpaka kwenye jina la uwanja. Eliza akaichukua kadi, akaisoma, akawapelekea watoto mlangoni mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka.

"Nitaupiga ule ubao picha nyingine," Praygod alisema kwa sauti ya chini. "Nitaipeleka kule kadi. Waandike."

"Kamuulize babu yako kwanza. Kama bado anataka."

Kutoka nje sauti ikaita, "Huyo Mmatengo aje na fimbo yake!"

Ildefonsi alitoka. Nazari hakugeuka. "Anza wewe," alisema, akionyesha kwa kidevu mahali pa kupigia, karibu na mlango wa jiko. "Hilo ni la saba."

Familia yote ikatoka kutazama. Ildefonsi akauweka mpira kwenye mchanga, mpira wao uleule wenye makovu, akaishika fimbo ambayo mpini wake ameuviringisha kwa mpira wa tairi la baiskeli. Magoti yalimuuma. Akapiga, na tangu alipogusa akajua. Mpira ukavuka usipa bila kumgusa hata mmoja, ukatua kwenye mchanga mgumu, ukatambaa, ukakigonga kijiti na kusimama shubiri moja kutoka kwenye kopo. Kwa miaka thelathini ya kucheza pale hajawahi kupiga vile. Watoto walipiga kelele. Praygod aliruka juu.

"Nazari!" Ildefonsi alipaza sauti kama kijana. "Umeona? Umeona ile?"

Nazari alikuwa ameelekea ziwani, mikono nyuma.

"Sikuona," akasema. "Nilikuwa naangalia Ziwa."

Ildefonsi akabaki na fimbo mkononi. Kwa mara ya kwanza akajua ni nini alichompa mwenzake jioni ile kule Moshi. Watoto wakawa wanawatazama wazee wawili kwa zamu.

Halafu mabega ya Nazari yakaanza kutikisika. Ildefonsi alidhani analia, akaanza kumwendea mbio kwa magoti yake yale mabovu, na alipomfikia akaona kwamba analia kweli, na anacheka, vyote pamoja, mpaka ameshika kiuno.

"Rudi ukapige tena, Mmatengo wewe," Nazari alisema akijifuta kwa mkono wa shati la kanisani. "Safari hii nitaangalia."